Majibu ya Mtani

Ngeleja alicheka mpaka akashika nguzo ya hema. Alicheka kwa sauti ya watu wa ng'ombe, sauti iliyozoea kuita kutoka ng'ambo ya mto, na akina mama waliokuwa kwenye foleni na watoto mgongoni wakageuka kumtazama. Baada ya muda nao wakaanza kutabasamu, ingawa hakuna aliyejua anatabasamia nini.

"Rudia," akamwambia Ditram. "Rudia na hawa wasikie."

Ditram alikuwa amesimama nyuma ya meza ya plastiki, glavu mikononi. Mbele yake vilipangwa vile vipimo vidogo vya haraka, vyeupe, kila kimoja kimeandikwa jina la mtoto. Siku hiyo pale Kilosa mjini walikuwa wanapima watoto selimundu, ule ugonjwa wa chembe za damu kupinda kama mundu, bure. Ngeleja alikuwa ameshuka kutoka Kidete kuleta mchele sokoni, na alipita hapo na binti yake Kija kwa sababu moja tu: kumkuta mtani wake kazini na kumharibia siku. Alikitoa kidole cha mtoto kama mtu anayecheza kamari. Akatobolewa, tone la damu likachanganywa na dawa, likadondoshwa kwenye kile kipimo, wakasubiri kidogo, mistari ikatoka. Basi.

Kosa, tuseme ukweli, lilikuwa la Ditram mwenyewe. Aliiona mistari, akatafuta namna ya kuanza. Na mtu akibabaika hushika kile kilicho karibu na ulimi. Akasema, "Msukuma, leo nimekukamata." Halafu ndipo akasema kwamba Kija ana selimundu, tena si wa kubeba tu, ni mgonjwa mwenyewe. Sasa, jamani, mtu aanzwe hivyo na Mngoni, afanye nini kama si kucheka?

"Ngeleja, sitanii," Ditram akasema.

"Mnamsikia? Eti hatanii!" Ngeleja akawageukia akina mama. "Huyu mtumwa wangu huyu, tangu azaliwe hajawahi kusema neno la kweli, leo ameanza na damu ya mwanangu."

"Haki ya Mungu."

"Mungu wa Wangoni au huyu wetu?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Hata muuguzi aliyekuwa anaandikisha majina akaziba mdomo. Kija, ambaye miaka sita ilikuwa bado haijamtimia, akacheka pia kwa kuwa baba yake alikuwa anacheka.

"Tena angalia," Ngeleja akaendelea, maana hadhira ilikuwa nzuri na hakutaka kuiacha. "Malaria yenyewe, ugonjwa wa mbu tu, mnainamia darubini mpaka mtu anasinzia kwenye benchi. Huu ugonjwa mkubwa namna hii umeujua chai yangu pale kwa mama ntilie haijapoa? Kajifunze kudanganya, Mngoni."

Akambeba mwanawe begani, akaondoka. Ditram akabaki na kile kipimo mkononi.

* * *

Lazima niseme hawa wawili ni nani, usije ukamwona Ngeleja mjinga. Hakuwa mjinga hata kidogo.

Babu yake Ditram alitoka Songea kuja kukata mkonge Kimamba, akafia hukohuko, na wajukuu wakawa watu wa Kilosa. Ngeleja alikuja kijana na ng'ombe wa baba yake kutoka Usukumani, wakatafuta malisho mpaka wakafika bonde la Mkondoa, wakatulia. Mngoni na Msukuma ni watani tangu enzi za vita vya mababu. Wengi huutumia utani huo misibani na harusini, wakauweka. Ditram na Ngeleja walikuwa wameufanya kazi ya pili.

Mwaka mmoja Ngeleja alikwenda maabara akitetemeka homa, Ditram akatoka na majibu, akatangaza mbele ya benchi zima kwamba mgonjwa ana mimba na amlete mume wake. Mwaka mwingine alimpigia simu kwamba limetoka agizo, Wasukuma wote wapitishwe kwenye josho kabla ya kuingia mjini, na Ngeleja akafika kwa afisa mifugo kuuliza zamu yake ni lini. Naye Ngeleja hakukaa kimya. Alipeleka habari Kimamba kwa mama mkwe wa Ditram kwamba mkwewe amefariki ghafla. Watu walifika na mikeka na kilio, wakamkuta marehemu anakula ugali na dagaa.

Na katika yote hayo hakuna aliyekasirika. Hiyo ndiyo sheria. Mtani akikasirika, ameshindwa.

Kwa hiyo Ngeleja aliporudi Kidete jioni ile alikuwa na hadithi ya kusimulia, akaisimulia vizuri. Alimwigiza Ditram alivyokunja uso, alivyoshusha sauti, alivyoapa. Mke wake, Imelda, alikuwa ameinamia ungo anachagua mchele. Hakuinua kichwa mpaka hadithi ilipokwisha.

"Alicheka?" akauliza.

"Nani?"

"Ditram. Wewe ulipocheka, yeye alicheka?"

Ngeleja akafikiri. "Hakucheka. Ndiyo ufundi wake, mke wangu. Siku ya mimba pia hakucheka."

"Siku ya mimba alicheka. Ulinisimulia mwenyewe, mkacheka mpaka mkalia."

"Basi ameendelea. Mtu hujifunza."

Imelda akasukuma ungo pembeni. "Baba Kija, huyu mtoto akiwa mchanga mikono ilimvimba. Tukasema amelalia vibaya. Mwaka jana macho yakawa manjano, tukasema maembe mabichi. Kila msimu wa baridi analia mifupa, mimi namkanda na maji ya moto, wewe unasema anakua. Anakua kwenda wapi? Mbona wenzake wamemzidi kimo wote?"

"Mama yangu alikuwa mfupi."

"Mama yako alikuwa halii mifupa."

Neno hilo lilimchoma Ngeleja, lakini hakutaka lionekane. Akasema kwamba ukoo wake hauna magonjwa ya damu, kwamba Imelda sasa ameanza kuamini Wangoni, na kwamba akiendelea hivyo atajikuta Songea. Akatoka kwenda kuangalia zizi, ingawa ng'ombe walikuwa wameshafungiwa. Huko nje, peke yake, alikumbuka uso wa Ditram nyuma ya ile meza. Akaukumbuka kwa muda mrefu kuliko alivyopenda, halafu akajilazimisha kucheka.

Wiki hiyo hadithi ilizunguka Kidete yote. Kila aliyeipokea aliiongezea chumvi. Mwisho wake Ditram alikuwa amesema ameona mundu mzima ndani ya damu ya mtoto, mpini na meno yake.

* * *

Ditram alipiga simu. Safari hii alijipanga, akaanza kwa heshima: "Habari za asubuhi, Bwana Ngeleja. Natumaini familia haijambo." Lo! Ngeleja nusura adondoshe simu kwa kicheko. Tangu lini Mngoni akamwita bwana? Akaiweka sauti kubwa ili majirani wasikie, na Ditram alipogundua anasikilizwa na kijiwe kizima, akakata.

Ijumaa alasiri akaja mwenyewe kwa bodaboda, kavaa shati la kazini, kapauka vumbi. Ngeleja alimpokea kwa shangwe. Alimtolea kiti, akamtolea maziwa mgando, akaita watu. "Njooni! Dokta wa mundu amefika!" Wakaja. Uani pakajaa, wengine wakasimama nje ya ua na kuegemea miti ya zizi.

"Nimekuja kwa jambo moja," Ditram akasema, na maziwa hakuyagusa. "Mtoto aje hospitali aanzishiwe dawa. Na kwa sasa anywe maji mengi."

"Maji!" Ngeleja akapiga makofi. "Kaacha kazi yake akapanda pikipiki kutoka Kilosa kuja kuwafundisha watu wa mtoni kunywa maji!"

"Asipigwe baridi."

"Ataniuzia blanketi sasa hivi, subirini."

"Asichoshwe. Ngeleja, nakuomba, asikimbizwe. Damu yake inaishiwa nguvu upesi."

Hapo ndipo Ngeleja alipopata wazo, na wazo lenyewe lilimfurahisha sana, Mungu amsamehe. Akamwita Kija. Mtoto akaja, kagauni ka njano, miguu myembamba. "Unamwona huyu babu yako wa Kingoni? Anasema huwezi kukimbia. Hebu mwonyeshe. Kimbizana na ndama mpaka kule kwenye mpapai, urudi."

"Ngeleja, usifanye hivyo," Ditram akasema, akainuka.

"Kimbia, mama!"

Kija akakimbia. Ndama wakashtuka, wakamtangulia, watu wakashangilia. Alirudi anahema, kifua kinapanda na kushuka, anacheka. Baba yake akapaza sauti: "Tena!" Akakimbia tena. Watu wakahesabu kwa makofi. Mara ya tatu alirudi anatembea, akaketi chini, na Ngeleja akambeba akamwinua juu kama kombe la mpira. "Mgonjwa wenu huyu hapa! Haya, Mngoni, sema tena."

Ditram akarudisha kiti ukutani. Aliaga, na Imelda akamsindikiza. Ngeleja aliwaona wamesimama kwa muda karibu na pikipiki, mke wake anaongea, Ditram anatikisa kichwa kukubali. Akapiga kelele kutoka uani: "Mngoni! Damu umeshindwa, sasa unataka na mke?" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Ilikuwa siku nzuri sana kwa Ngeleja.

* * *

Alfajiri ya Jumamosi haikuwa na wa kucheka. Kija alikuwa analia kwa sauti nyembamba ambayo haikupanda wala kushuka, kashika mapaja yake mwenyewe, midomo imekauka, viganja vimepauka. Ukimgusa analia, ukimwacha analia. Ngeleja alimfunika, akamfunua, akamfunika. Hakuna aliyetamka yale mambo ya jana. Hayakuhitaji kutamkwa.

"Twende Kilosa," Imelda akasema.

"Kilosa siendi."

"Baba Kija."

"Nikampe Ditram furaha? Aje anisimamie kitandani na wauguzi wote wanajua? Siendi Kilosa."

Alijua anachosema ni upuuzi. Alijua hata kinywa kikiwa wazi. Lakini mwanamume aliyechekesha kijiji kizima jana yake, alfajiri anapata shida sana kugeuza shingo. Alitegemea Imelda abishe, ili ashindwe kwa nguvu na si kwa hiari yake.

Imelda hakubisha. "Basi Mikumi," akasema. "Kuna zahanati barabarani pale, daktari wake mgeni. Hakujui, humjui."

Ngeleja akakubali haraka mno, akajiona ameshinda. Wakapanda bodaboda mpaka Kilosa, wakapita njia inayoelekea hospitali bila kusimama, Ngeleja akiangalia upande wa pili, wakakodi gari la kwenda Mikumi. Kila shimo la barabara mtoto alipiga ukelele. Kila ukelele Ngeleja alisema, "Tunafika, mama, tunafika." Mke wake aliandika kitu kwenye simu, akairudisha kifuani mwake.

Daktari wa Mikumi aliitwa Goodhope, Mchaga, kijana wa juzi tu, miwani puani. Ngeleja aliinama akamwamkia, "Shikamoo, dokta." Kijana alishtuka, maana kwa umri yeye ndiye aliyepaswa kuamkia, lakini mgonjwa alikuwa analia na hapakuwa na nafasi ya kurekebishana. "Marahaba," akajibu, akaona aibu.

Kija alilazwa, akawekewa maji ya mshipa na dawa ya maumivu. Damu ilichukuliwa kidoleni, ikapelekwa chumba cha nyuma, nyuma ya pazia. Baada ya muda si mrefu daktari akaenda huko, akarudi, akavuta kiti.

"Mzee, mtoto wenu ana selimundu. Ni mgonjwa kamili."

Ngeleja hakucheka. Aliinamisha kichwa. "Nashukuru, dokta," akasema, na sauti haikuwa yake. "Nashukuru kwa kuniambia ukweli."

Ndivyo alivyosema. Maneno yaleyale, kipimo kilekile, ila mdomo ulikuwa wa mtu asiyemjua hata kwa jina, na akayapokea kwa mikono miwili.

"Umetoka wapi ugonjwa huu?"

"Kwenu. Kwako na kwa mama yake. Kila mmoja anabeba nusu bila kuumwa, mtoto amepata nusu zote mbili."

Ngeleja ni mtu ambaye hakuwahi kuingiza dume zizini bila kuuliza habari za mama yake na bibi yake. Alimjua kila ng'ombe mpaka kizazi cha nne. Aliduwaa pale kitini, akimtazama mke wake, na mke wake akimtazama yeye. Hakuna aliyekuwa na la kumlaumu mwenzake, na hilo peke yake lilikuwa gumu.

"Atapona?"

"Haponi. Anaishi nao. Kuna vidonge vya kila siku, kuna kinga ya malaria, maji mengi, asipigwe baridi, asikimbizwe. Wapo wanaosoma mpaka chuo kikuu. Lakini mkiupuuza, unaua. Jana alifanya nini huyu? Alichoka na kitu?"

"Alicheza na ndama," Imelda akasema. Alimfichia mumewe aibu hiyo, na Ngeleja akatamani asingemfichia.

"Dokta," Ngeleja akasema, "kuna mtu mmoja Kilosa aliniambia hivihivi. Lakini yule ni mtani wangu."

Goodhope akamtazama Imelda kama anayeomba ruhusa. Halafu akavuta pazia. Nyuma yake, kwenye meza ya maabara, alikuwa amekaa Ditram, glavu mikononi, kile kipimo cheupe mbele yake.

"Huwa anatusaidia Jumamosi," daktari akasema.

"Mimi ndiye niliyemwomba anyamaze," Imelda akasema. "Jana kwenye pikipiki nilimwambia anitafutie mtu asiye na utani na sisi. Yeye apime, mwingine aseme. Sikujua kama haja itakuja asubuhi yake."

* * *

Watani wawili walitoka nje, wakasimama kando ya barabara kuu. Malori ya Iringa yalikuwa yanapita, na wauza karanga na ndizi walikuwa wanayakimbilia. Kija alikuwa amelala ndani, mama yake pembeni.

"Nitukane," Ngeleja akasema.

"Sina tusi leo."

"Niambie basi nilivyo mjinga. Nilimkimbiza, Ditram. Ulinikataza nikamkimbiza. Mara ya tatu alikuwa hawezi, mimi nikamwinua juu watu wamwone."

"Hukujua."

"Nilijua! Nilikuona usoni siku ile kwenye hema. Nilijua nikacheka." Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. Halafu akamshika Ditram kwenye mkono wa shati. "Wewe ni mtani wangu. Mtani akimzidi mwenzake, mwenzake hutoa kitu, na yule mtani anakoma. Ni kweli si kweli?"

"Ni kweli."

"Akishapokea, yaliyosemwa yamefutika. Ndivyo walivyotuachia wazee. Haya, Mngoni, umemzidi Msukuma, nimekubali. Nakupa dume. Sema ulikuwa unatania."

"Ngeleja."

"Sema ulikuwa unatania, uchukue dume langu."

Muuza karanga mmoja, Bibiana, mama mnene mwenye beseni kichwani, aliwasikia. Akatua beseni. "Heee! Njooni muone, watani! Msukuma ameshikwa pabaya, anagawa ng'ombe!" Wenzake wakaacha malori wakaja. Kondakta mmoja akaja. Mwendesha bodaboda akazima pikipiki asikie vizuri.

"Mawili," Ngeleja akasema, akiwa haoni watu wala hawasikii.

"Usikubali, Mngoni!" Bibiana akapaza sauti. "Mwambie aongeze, hawa wanao!"

"Siwezi, ndugu yangu," Ditram akasema. "Ningekuwa na uwezo ningepokea hata kuku."

"Na majike. Na ndama wao. Ditram, nakuomba, sema."

"Anaigiza huyo! Angalia machozi!" kondakta akasema kwa kustaajabu, akapiga makofi, na wengine wakamfuatia. Ditram alimshika Ngeleja mabega asianguke. Ngeleja akapiga magoti kwenye changarawe, akataja zizi zima, na shamba la mpunga juu yake, na watu wakashangilia kwa nguvu, kwa maana hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuona utani mzuri namna ile.